Nimemdanganya Baba Kinyozi Kuwa Nina Mapunye, Sasa Nyumba Nzima Inanyolewa Kipara

Mdaku wangu wa moyoni, vuta kiti. Barua ya leo nimeiacha ilivyokuja, nimeongeza nukta chache tu ili upate pa kupumulia.

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada na uwe wa haraka kwa sababu nakuandikia nikiwa chooni nimevaa kofia, na kofia hii leo siku ya nne sijaivua hata kulala, na joto lote hili. Mimi ni fundi simu, miaka ishirini na tatu, mtoto wa pili kati ya watano, baba yetu ni kinyozi. Sasa kwetu kila sikukuu ya mwisho wa mwaka, asubuhi kabla mtu hajaonja kitu, baba anatoa kiti chake cha kazi anakiweka uani anatunyoa wote mtindo mmoja, chini kabisa halafu mstari mmoja upande wa kushoto, hata dada yangu mwenye nywele ndefu anachorewa kamstari nyuma ya sikio, na mpaka kichwa cha mwisho kifutwe ndiyo mama anafunua sufuria. Ilianza tukiwa wadogo, baba alitupeleka kwenye sherehe yenye watu maelfu, kaka akapotea, baba akarudi nyumbani kamshika mkono mtoto wa watu mwenye shati kama la kaka, kaka mwenyewe akapatikana usiku. Tangu siku hiyo akasema wanangu nawatia alama.

Mshauri, mimi sikuwa na neno, lakini mwaka jana mstari wangu ulitoka umepinda kama njia ya mlevi, wateja wakaniita Kona Kali mpaka nywele zikaota, na mwaka huu kuna binti anauza makava ya simu duka la jirani amekubali kuja kutusalimia siku hiyohiyo, nikaona siwezi kumpokea na kona kichwani. Nikaenda kwa Mikono Mepesi. Huyu naye ni kinyozi, baba ndiye aliyemfundisha kazi, akaja kufungua saluni yake mtaa wa pili, na baba miaka sita hajamtaja jina, wakikutana anavuka barabara. Akaninyoa vizuri sana, pembeni akapunguza, juu akatia rangi ya dhahabu. Kufika mlangoni nasikia baba anakohoa, nikavuta kofia, mama akauliza kofia ya nini, mdomo ukajibu wenyewe, "Nina mapunye."

Hapo nikawa nimejimaliza. Mama anataka kuyaona, nikamwambia yakipigwa na mwanga yanauma, basi ananipenyezea vitunguu saumu vilivyopondwa chini ya kofia kwa kijiko. Jana baba akatuita wote sebuleni.

"Mapunye yanaambukiza," akasema. "Mwaka huu hakuna mstari. Wote kipara."

Dada anaolewa wiki mbili zijazo. Akasema, "Baba, mimi bibi harusi."

"Bibi harusi mwenye mapunye ni hasara kwa mkwe, mama. Utakaa kitini."

Mama yake baba, ana miaka themanini na ushei, kashajitolea awe wa kwanza, anasema kichwa kitapata hewa. Sikukuu ni keshokutwa. Nikisema ukweli baba atajua nimekwenda kwa mtu wake mbaya, nikinyamaza dada anaolewa kipara. Nifanyeje?

Wako,
Kofia

Wewe Kofia,

Pole. Nimekuhurumia mpaka ilipofika sehemu ya rangi ya dhahabu, kutoka hapo nikahamia upande wa dada yako. Umekimbia jina la Kona Kali, sasa binti wa makava atakukuta unanuka kama mboga inayosubiri chumvi.

Nikuulize kitu, maana umeandika mengi ila hili umeliruka. Mstari umenyooka miaka yote hiyo, mwaka jana ukapinda. Kinyozi hapindi mstari kwa kupenda. Wewe kutwa unatafuta ufa mwembamba kama unywele ndani ya simu za watu, hukuona kwamba baba yako haoni?

Mimi si daktari, naweza kukosea. Lakini soma tena maneno yake: "Hakuna mstari." Mtu anayeupenda ule mstari kaufuta kwa sentensi moja, na hakuomba hata kuangalia hicho kichwa chako. Kipara hakina mstari wa kupinda, mdogo wangu. Nahisi uongo wako umempa pa kujificha. Anaogopa na hajamwambia mtu, maana kinyozi asiyeona nani atampa shingo?

Kwa hiyo leo, usingoje kesho, mkute kazini kwake mteja wa mwisho akishatoka. Vua kofia. Usianze na maelezo, kichwa kitajieleza. Sema, "Baba, sina mapunye, nilikwenda kwa Mikono Mepesi, nisamehe." Atakasirika, ni haki yake. Akikurushia taulo, lidake, ulikunje, umrudishie.

Kisha ile taa ya mezani yenye lenzi ya kukuzia, mnayotengenezea simu ninyi mafundi, ifunge kwenye kiti chake. Usimtajie macho. Mwambie ni ya kumulika hiyo dhahabu aimalize yote. Baada ya sikukuu mwambie unakwenda kupimwa macho, akusindikize, na mkifika mpimwe wote wawili. Huo ndio uongo wa mwisho ninaokuruhusu.

Dada yako muombe radhi kwa magoti. Mama umuoshee kijiko.

Na ule mstari usiuite mtindo tena. Mwaka mzima baba yako anashika vichwa vya watu. Siku moja tu anashika vya kwake, kimoja kimoja, anajua hakuna aliyepotea. Ukitoka umepinda, tembea nao. Binti akicheka, mpe kiti acheke vizuri.

Na wewe mdaku wangu, unayecheka kana kwamba kwenu hakuna vituko. Baba kakuita kitini, taulo liko shingoni, anafinya macho akitafuta upande wa kushoto. Mama kashika kifuniko cha sufuria, mgeni wako anabisha mlangoni. Ungetulia, au ungeulizia kofia?