Baiskeli ya Pili, ya Kwenda Magwagwa

Manga, Nyamira
Jumapili, 9 Juni 2024

Mpendwa ndugu yangu Nyasani,

Salamu nyingi zikufikie huko Mombasa, wewe na Margret na wajukuu, pamoja na hilo joto lenu mnalolisifu bila sababu. Presha inasemaje? Na macho? Nimesikia siku hizi Margret ndiye anayekusomea barua, kwa hiyo naandika Kiswahili, maana Ekegusii chake tangu aolewe kwetu kimeishia kwenye salamu na majina ya vyakula. Margret, hujambo mama? Soma kwa sauti kubwa, mzee wako hata masikio si ya kuaminika.

Huku sisi ni wazima. Mvua imenyesha vizuri, majani chai yanachipuka kuliko mikono ya kuyachuma. Tryphosa mke wangu hajambo, bado ananigombeza, kwa hiyo ujue ana nguvu. Na mimi ndiyo usiseme. Jumanne nilipanda baiskeli kutoka Kisii mjini hadi hapa juu Manga bila kuweka mguu chini hata mara moja, na watu wawili wa boda boda wakasimama kunipigia makofi.

Nimeenda kunywa chai, nimerudi, nimesoma hayo ya juu, nimeona aibu kidogo. Si nyingi. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kile kilima niliipanda nikisukuma, na wale wawili walikuwa wanacheka. Lakini baiskeli si uongo. Nimenunua baiskeli ya pili.

Najua unauliza ya kwanza ilikufa lini. Haijafa. Ile nyeusi, Mamba, unayoijua, iko hapa ukutani na itatuzika sote. Shida yangu na Mamba ilianza mwaka jana mwezi wa kumi. Nilikuwa nimepakia mikungu mitatu ya ndizi, nikaanguka nayo pale kwenye kona ya soko, mbele ya wateja. Goti la kulia likafura kama kabichi. Mchungaji alikuja nyumbani akaliombea la kushoto, na mimi sikutaka kumkatiza mtu akiwa kwenye maombi. La kushoto halijanisumbua hata siku moja tangu wakati huo.

Basi Krismasi watoto wakafanya mkutano sebuleni mwangu, wakinywa chai yangu, na mwenyekiti alikuwa Mokeira, kitinda mimba wangu aliyeolewa Magwagwa. Wakaamua baba asipande baiskeli tena. Wakaninunulia fimbo ya kutembelea. Wakamwajiri Ochoki wa boda boda anipeleke kanisani kila Sabato na kliniki kila mwezi. Ndugu yangu, wewe hujawahi kuwa mzigo. Nilikuwa nakaa nyuma ya Ochoki nimemshika kiuno kama bibi arusi, naye akifika mlango wa kanisa anauliza watu, “Huyu mzee nimshushe wapi?” Ananiuliza mimi? Hapana. Anauliza watu.

Miezi mitano nilivumilia. Mwezi wa tano nikamwambia Tryphosa kwamba nikiendelea hivi nitakufa nikiwa nimekaa. Alinigombeza siku mbili, halafu akanipa nafasi moja. Jumapili tarehe thelathini mwezi huu niende kwa Mokeira kwa baiskeli, peke yangu, kutoka mlango huu hadi mlango ule. Kusukuma kwenye vilima kunaruhusiwa. Hicho kifungu nilikipigania kama mbunge. Kupakiwa kwenye pikipiki au gari hakuruhusiwi hata hatua kumi. Mokeira atapiga simu kusema nimefikaje. Nikifika kwa magurudumu yangu, mambo ya fimbo yameisha, na Mokeira mwenyewe amekubali. Nikishindwa, baiskeli zinaondoka kwangu, nami narudi nyuma ya Ochoki mpaka siku ya kuzikwa.

Ni kilometa thelathini na kitu, kupitia Nyamira na Ekerenyo, na unajua barabara zetu, zikikosa kupanda zinashuka. Kwa Mamba siwezi. Ile peke yake, bila mzigo, ni nzito kama ndama. Tena Tryphosa hawezi kuiachilia, maana asubuhi inabeba maziwa na mchana inabeba gunia la majani hadi kituo cha kupimia. Ndipo nikafikiria baiskeli mbili: moja ya mzigo, moja ya mtu.

Kisii kuna jamaa wa kutoka upande wa ziwani anaitwa Osewe, anauza baiskeli za mtumba zinazotoka Ulaya. Amezipanga kando ya barabara kama mbuzi wa mnada. Nikaona moja ya resi, ya buluu, imechubuka hapa na pale, tairi nyembamba kama mshipi wangu, na usukani umejikunja chini kama pembe za kondoo. Nikainyanyua kwa mkono mmoja. Nyasani, kwa mkono mmoja, na huo wa kushoto. Nikairudisha chini haraka, Osewe asione nimeipenda.

“Mzee, hii unamnunulia mjukuu?”

“Mjukuu wangu anunue yake. Hii ni ya zamani?”

“Ina kama miaka ishirini. Huko kwao ni ile ya mtu anayeanza kujifunza.”

“Basi ni rika langu. Hata mimi naanza.”

Alicheka mpaka akashika mti. Halafu akawa mtu wa kweli, nampa sifa yake. Alinionyesha mwenyewe kwamba cheni imelegea na tairi ya nyuma imepasuka pasuka kidogo. Akaniambia nipitishe kidole kwenye viungo vyote vya fremu nitafute ufa. Nilipitisha, nikapitisha tena, sikupata. Akanibadilishia cheni bila kuongeza bei. Bei yenyewe siandiki, kwa sababu Margret atampigia Tryphosa.

Sasa sikiliza upumbavu wangu. Wewe unajua kwetu baba haingii kwa binti yake aliyeolewa mikono mitupu, na hiyo baiskeli haina keria. Haina hata mahali pa kuwekea keria. Nikaenda kwa fundi Makori hapa sokoni nikamwambia anichomelee moja ya nondo, nzito, ya kubeba mkungu na gunia la wimbi. Sokoni nilikuwa nimeshatangaza kwamba hiki ni chuma cha Wazungu. Makori akakata nondo, akakunja, akachomelea keria yote ikakamilika. Alipotaka kuiunganisha ndipo akachukua sumaku ya spika mbovu akaigusisha kwenye fremu. Ikaanguka. Akajaribu tena, ikaanguka tena.

“Osoro,” akasema, “hii si chuma, ni alumini kama ya sufuria. Nikiwasha moto hapa utarudi nyumbani na shimo.”

“Sasa hiyo keria?”

“Hiyo umeshanunua.”

Iko jikoni. Tryphosa anaanikia vikombe juu yake, na kila mgeni akija anamweleza ilikotoka.

Kwa hiyo nitabeba mgongoni, kwenye begi la shule. Nilijaribu ndizi mbivu, zikafika zikiwa uji na shati likawa la kufuliwa mara mbili. Nimeamua unga wa wimbi kilo nne. Unga hauwezi kupondeka zaidi ya hapo.

Kujifunza kwenyewe ni kwamba gia zake ziko kwenye breki. Ukivuta mkono ni breki, ukiusukuma kwa pembeni ni gia. Siku ya kwanza nilitaka kusimama nikaongeza mwendo, nikaingia kwenye kahawa ya jirani, nikatoka upande wa pili bado nimekaa juu yake. Jirani aliniuliza natafuta nini. Nikamwambia napita tu.

Lakini Alhamisi, ndugu yangu, nilikwenda Nyamira na kurudi. Hii si kama ile ya mwanzo wa barua, hii muulize Tryphosa, alinipigia simu nikiwa huko akasikia kelele za stendi. Vilima vitatu nilisukuma, vingine nilipanda nimekaa. Na kuna kipande kabla hujafika Nyamira, kimenyooka, chai pande zote mbili, nilikanyaga mara mbili tatu ikaenda yenyewe bila sauti, upepo ukaingia kwenye shati. Goti halikusema neno. Wachuma chai waliinua vichwa wakaniangalia, na hakuna hata mmoja aliyeuliza nishushwe wapi. Naona nitafika Magwagwa, Nyasani. Naona kabisa.

Kitu kimoja tu ndicho kinachoweza kunirudisha kwa Ochoki. Mdomo wa kujazia upepo kwenye tyubu zake ni mwembamba na mrefu kama msumari, na hakuna pampu hapa Manga inayoushika. Kuna kikofia kidogo cha shaba unachokifunga pale ndipo pampu ya kawaida ikubali, na ninachokijua ni kimoja tu, nacho ni cha Osewe, hataki kukiachia. Ndiyo maana Jumanne nilikuwa Kisii: nilikuwa nimefuata upepo. Nikipata pancha huko mbele ya Ekerenyo, nitafanya nini? Niite nani? Kisii nimezunguka maduka yote, wananionyesha tyubu za Mamba.

Salamu kwa wajukuu wote, na kwa yule aliyeingia chuo, asome, asiniige mimi niliyeacha darasa la sita kwa sababu mwalimu alinichosha. Tryphosa anawasalimu, na Mokeira pia, ingawa kwa sasa ni jaji wa kesi yangu. Mungu awashushie hiyo presha na awape upepo wa jioni.

Sasa la mwisho. Siku ile tulipokwenda ziwani kwa wazazi wa Margret kumposa, mimi nikiwa msemaji wako, baba yake aliuliza kama wewe unajua kuogelea, maana hakutaka binti yake aolewe na mtu wa kuzama. Nilisimama mbele ya wazee wote nikasema unaogelea kama kambale, na wewe hata beseni unaliogopa. Tulipotoka ulinishika mkono ukasema, “Osoro, hili nitakulipa siku yoyote utakayotaka.” Ni miaka arobaini na mmoja. Uliwahi kuniambia mtaani kwenu watu wanapita na baiskeli za resi kila Jumapili. Wasimamishe, uliza duka lao liko wapi, unitumie kwa basi tyubu mbili za mdomo mwembamba na kikofia kimoja cha shaba, vifike Kisii kabla ya tarehe ishirini na nane.

Ni mimi ndugu yako, ninayekupenda hata ukizama,

Osoro