Mama Aliyekatazwa Mjukuu

Jumatatu, 3 Machi
Nimemwosha Mama kifuani. Maji ya uvuguvugu, bila kusugua, kama muuguzi wa Mwanza alivyonionyesha. Titi lilishakatwa kwa ajili ya saratani. Ngozi iliyopigwa mionzi bado nyeusi, kwapani imechubuka. Shangazi Skola kaleta samli ya kupaka. Muuguzi alikataza. Nimeificha. Kumwambia Shangazi sikuweza.

Alhamisi, 6 Machi
Wifi Adela, mke wa kaka Deo, amejifungua. Wa kiume! Mama amecheka, mara ya kwanza tangu turudi. Jumapili mtoto anatolewa nje. Kwetu bibi ndiye humbeba.

Jumapili, 9 Machi
Watu wamejaa uani, pombe ya ndizi ipo, Mama kavaa kitenge kipya. Shangazi akamwahi mtoto, akamgeukia Mama.
"Wifi, wewe tulia. Umejazwa moto Mwanza, utatuchomea mtoto!"
Watu wakacheka. Mama naye akacheka.
Muuguzi alisema waziwazi: mionzi ya ile mashine ni kama mwanga wa tochi. Ikizimwa, haibaki mwilini. Nilikuwepo. Nikaangalia miguu yangu. Nikaendelea kugawa pombe. Najichukia.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemfuata wifi Adela akianika nepi. Nimemwambia yote aliyosema muuguzi.
"Na wewe unalala na Mama?"
Kitanda kimoja, nikamjibu. Akaanika nepi ya mwisho. Kisha akambeba mtoto, tukaenda kwa Mama.
Mama alificha mikono ndani ya blanketi. "Mrudisheni. Nisije nikamuunguza."
Kumbe ameamini. Muuguzi alimweleza yeye pia. Aliitikia tu, kama tunavyowaitikia watu wote wa ofisini.
Nimelia nyuma ya choo.

Alhamisi, 13 Machi
Mvua tangu asubuhi. Mama hanywi hata uji. Deo ametafuta gari la kumpeleka hospitali kesho. Barabara ya Keza ikikubali.
Wifi Adela alikuja akiwa ameloa. Akamfunua mtoto khanga. Akamlaza mtoto ubavuni pa Mama, upande ambao haukupigwa mionzi, akaenda jikoni. Mama akaniambia nimwondoe. Sikumtii. Nilikaa tu kwenye kigoda.
Mama alitoa kidole kimoja. Akaligusa shavu la mtoto, akakirudisha haraka. Akamtazama, akingoja alie.
Mtoto akaendelea kulala.
Baadaye Mama akakitoa tena.