Vitabu Kumi Ambavyo Sijavisoma

Alhamisi, Embu. Mvua tangu alfajiri, matope mpaka mlangoni, na chai ya ofisini leo sikuimaliza. Nimechefuka. Wacha niseme tu.

Bosi wetu wa hii tovuti ya ushauri kwa wakulima ameweka makala mpya: vitabu kumi vya kujifunza kuandika maelezo ya kitaalamu mtandaoni. Chini yake kuna jina langu na picha yangu. Sikuandika hata neno! Orodha ameitoa kwa akili bandia, halafu kila kitabu kinasifiwa kana kwamba ni mimi ninayesema. Eti hiki kilinifungua macho. Eti kile hulala nacho chini ya mto.

Viwili nimevitafuta kila mahali. Havipo. Hakuna aliyewahi kuviandika.

Nikamwendea. Akacheka. "Kwani nani husoma hivyo vitabu? Watu wanataka orodha, wanaangalia, wanapita."

Wanapita! Kinyaa kilinishika. Nikamwambia atoe jina langu leo hii. Akasema ataona.

Kabla hajaona, simu ikalia. Ni Makena, binamu yangu, msimamizi wa wanyunyizaji dawa kwenye shamba la maua kule Timau. Ameambiwa aandike maelezo ya kuchanganya dawa, wafanyakazi wasome kwa simu zao. Hapo mtu akikosea kipimo, anaungua ngozi, au macho. Alikuwa na furaha, masikini. "Dadangu, nimeona orodha yako. Nianze na kipi?"

Nikamwambia ukweli. Usianze na chochote, hiyo orodha si yangu, ni takataka. Andika, kisha uwape hao wanyunyizaji wakusomee kwa sauti. Wakikwama mahali, hapo ndipo pabaya, andika upya.

Akauliza tena:

"Na ile makala yako ya vipimo vya dawa? Si ndiyo tumebandika hapa stoo."

Ile niliiandika mimi, haki ya Mungu. Nilimsumbua mtaalamu wa kilimo kwa kila kipimo mpaka akaanza kunikwepa. Nikamweleza Makena yote hayo, nikajisikia naongea haraka haraka kama mtu anayedanganya.

"Sawa," akasema. Kisha nikamsikia akimwambia mtu aliye karibu naye: "Hebu bandua hiyo karatasi."

Ningekuwa yeye, ningeibandua pia.