Viazi vya Kwa Mama Kavira

Mujukuu wangu Furaha,

Salamu nyingi kutoka Mapendo. Huku tuko, mama yako mukubwa amepona mguu, na mvua ilituharibia bati moja tu. Umeniuliza ukija likizo nitakupeleka kula wapi. Nitakupeleka kwa Mama Kavira.

Wakati wa vita barabara ya Kibumba ilifungwa, viazi vikakosekana mjini. Malewa ya Mama Kavira, kale kahoteli kake kadogo, ilibaki na bugali na sombe ya majani ya muhogo tu. Lakini alimuuliza kila mutu, "Utakula nini?" Nasi tuliagiza samaki sambaza, kuku, mbuzi. Alituletea sombe, tukamusifia kuku.

Siku moja akaingia binti aliyekimbia kutoka Kibumba, godoro bado kichwani. Naye akaulizwa. Akajibu pole pole, "Viazi vya shamba letu."

Mama Kavira akamuwekea sombe. "Hivi hapa, mama. Vimechimbwa leo asubuhi."

Binti akaonja, akafunga macho. "Mumeviharakisha," akasema. "Havijakomaa."

Tulicheka mpaka machozi, nami nikasogeza kiti changu karibu naye. Binti huyo ndiye aliyemuzaa baba yako.

Siku hizi viazi vimejaa, na tangu bibi yako atuache nakula peke yangu. Ukifika pale usiulize kuna nini, taja unachotamani. Juzi Mama Kavira, sasa anatembea na fimbo, aliniuliza kama zamani. Nikasema, "Sombe, na Furaha akae hapa mbele yangu."

Akaleta sombe. Kisha akarudi, akivuta kiti cha pili.

Babu yako