Barua Niliyoificha Ndani ya Juzuu

Ami Bakari,

Nina neno sijamwambia mtu chini ya mbingu. Ile barua ya kampuni, ya kukuita urudi kazini, haikupotea. Niliipokea mimi mlangoni. Niliifungua, nikaisoma kwa Kiingereza kile kile ulichonifundisha, na nilipofika pale wanapotaka uende Mombasa ukawe karani mkuu, na nyumba upewe, nikaikunja nikaitia ndani ya jalada la juzuu yangu ya Kurani. Ukauliza kutoka ndani ni nani aliyebisha. Nikasema ni muuza maji.

Niliogopa, Ami. Ukienda wewe, sisi watoto saba twende wapi?

Unakumbuka ulivyonipata. Nimetoka Kizingitini, vidonda vya ndui usoni havijakauka, baba na mama wamezikwa wiki moja, sina usemi. Nililala juu ya magunia mlangoni pa ofisi yenu, na bwana mkubwa akakuamuru unifukuze. Ulivua koti lako la kazi, ukalitundika msumarini, ukanishika mkono tukaondoka. Koti lile hukulirudia. Mimi nilidhani umeona joto tu.

Baada yangu ukamleta Siti na nduguye, ambao mama yao aliachwa huru na mabwana zake akafa hana hata pa kulaza wanawe. Wakaja wengine. Daka la nyumba yako, pale mlangoni wageni walipozoea kunywa kahawa, likajaa vibao vya kuandikia. Watu wa mtaa wetu wa Mkomani wakipita hawakunyamaza: "Bwana Karani kapatwa na nini? Kaacha kiti cha kuzunguka, sasa apangusa makamasi ya wana wa watu!" Nawe ukiwajibu huku ukipangusa: "Kiti kile kilinitia kizunguzungu, ndugu zangu."

Nyumbani neno yatima lilikatazwa. Atakayelitamka ataosha sinia. Uliosha wewe mara mbili, na mkeo Bi Zena akasimama kuhakikisha umelisugua mpaka ukingoni.

Na mimi niliyekuwa sithubutu kusoma mbele ya watu, hukunilazimisha. Ulinikalisha nyuma ya mlango nisome kutoka huko, na kila siku ukiufungua kidogo. Siku niliyouona uko wazi wote, nilikuwa nimeshamaliza ukurasa. "Ndoo hapa, keti nasi," ukasema, kama kwamba nimefika sasa hivi kutoka safari.

Mtu wa namna hii ndiye niliyemficha barua yake.

Tangu homa ilipokuchukua, Siti ndiye anayewashikisha wadogo kalamu, na ni mkali kukushinda. Bi Zena huoka mikate ya mofa, sisi tukaiuza. Mikono yake imeungua mpaka kwenye viwiko. Kila nikiitazama naiona ile nyumba ya Mombasa ambayo angekaa, na mpishi wake, na kanzu zako zisizo viraka. Sikukunyima wewe peke yako. Nilimnyima na yeye, naye hajui.

Jana ametoka eda. Leo asubuhi akanipa sanduku lako la karatasi: "Athmani, wewe ndiwe ujuaye Kizungu. Nisomee, nijue mume wangu ameniachia maneno gani."

Ulikuwa ukituambia karani asiyeweka nakala ni mwongo anayengoja siku yake. Basi kumbe hata baada ya kuacha kazi hukuacha kuweka nakala. Nimeikuta nakala ya jibu lako kwa kampuni. Walikuandikia mara ya pili! Umewashukuru, umewaambia kazi unayo, na kwamba barua yao ya kwanza haikufika mkononi mwako. Na pembeni, kwa herufi zetu za Kiarabu, umejiandikia mwenyewe: "Ya kwanza anayo Athmani. Asiulizwe. Ataitoa mwenyewe."

Ami. Ulijua.

Ndipo nikakumbuka jioni uliyoipima juzuu yangu kiganjani ukasema, "Mwanangu, juzuu yako yanenepa kukushinda." Nilidhani unanitania kwa wembamba wangu.

Bi Zena akauliza, "Mna nini humo?" Nami, pamoja na yote niliyoyasoma, nikamjibu, "Karatasi za kazi tu, Bi Zena." Nimemdanganya tena.

Ahsante kwa kutoniuliza. Ahsante kwa mlango uliofunguliwa kidogo kidogo. Siwezi kuapa kwamba kampuni ikiniita mimi sitatamani kile kiti. Lakini nakuahidi, maadamu kuna mtoto mmoja dakani pako, nitakaa naye, na hatafukuzwa. Lala salama, Mola akupe nuru huko uliko. Sikuwahi kukuita baba ukiwa hai; niliona haya. Nakuita sasa.

Nasikia mtalawanda wa Bi Zena ngazini, kiatu cha mti juu ya jiwe, pole pole. Mkono wangu umeshaivuta juzuu ili niifunike karatasi hii, kama nilivyozoea.

Nimeirudisha juzuu mahali pake. Nimeitoa ile barua, nimeiweka juu ya mkeka, na nakala yako kando yake, na hii hapa. Bi Zena hajui Kiingereza, lakini maneno yako ya pembeni atayasoma mwenyewe. Na haya yangu pia, kwani nimeyaandika kwa herufi zetu.

Amefika mlangoni. Mlango uko wazi, Baba.

Mwanao,
Athmani