Mashine Iliyokataa Kumwamini Bibi

Felista mdogo wangu, wewe una roho ya jiwe? Tangu mjukuu wetu Neema ahamie hapa Kasingirima hujashuka kumwona, umeng'ang'ania mibuni tu huko Kalinzi! Mimi nasema, yeye anaandika.

Jana nimemkaangia samaki, migebuka ya ziwani, hataki kula. Anabishana na kompyuta, ina programu ya kukagua uthibitisho wa hesabu. Anaiandikia kwamba namba mbili ukizijumlisha, ianze hii au ile, jibu ni lile lile. Hata mbuzi anajua! Mashine inamchorea mstari mwekundu na kumwonyesha pembeni alichobakiza kuthibitisha.

"Iambie bibi yako kasema."

"Bibi, haimwamini mtu. Inataka kila hatua."

Kama shangazi yetu alivyokuwa akiwahoji waposaji! Nikakaa naye, yeye akijaza hatua moja moja, mimi nikiitukana mashine, mpaka wekundu ukafutika. Nikapiga vigelegele. Majirani wakajaa mlangoni: "Nani kajifungua?" Nikawaambia ni hesabu. Wakatupongeza, wakala migebuka yote. Neema kaambulia ugali na chumvi.

Mungu akutunze, mbishi wangu, nimekukumbuka. Ukija, beba maharage ya kutosha mtaa mzima, na mstari ukifutika, unizibe mdomo mpaka mtoto ale.