Sakafu Iwe Sawa na ya Jikoni

Seong-tae,

Supu ya soya iko jikoni, ipashe moto. Kabichi ya kimchi mle ya mtungi mdogo, ule mkubwa usiufungue. Mimi nimepanda basi kwenda Gurye kwa dada yangu.

Asubuhi nilikuwa naosha mchele, dirisha wazi. Nikakusikia ukimwambia fundi Pyo habari za chumba changu kipya: “Huku nyuma kiwanja kinateremka. Tukiinua msingi, kifusi kitakuwa kingi mno. Sakafu ikae chini, tuweke ngazi mbili za kupandia jikoni. Mama mwenyewe siku hizi hatokitoki.”

Hatokitoki! Tangu nianguke, mguu huu unaniuma hata nikivuka kizingiti, nawe unanichimbia shimo? Na maji ya mvua yakishuka mlimani yatalala wapi kama si kitandani kwangu? Hata mbwa hujengewa pakavu!

Sikutaka kukuaibisha mbele ya fundi. Ulipokwenda kazini nikamfuata. Akacheka, “Bibi, mwanao amesema chini.” Nikamwambia, “Mwana nimemzaa mimi, na kiwanja ni changu. Pandisha hiyo kamba ya vipimo.” Akaipandisha mpaka usawa wa sakafu ya jikoni. Kesho wanamwaga zege. Usiiguse!

~~Usinipigie simu.~~ Nipigie, lakini uanze kwa kuomba radhi.

Mkeo mwambie sina neno naye. Ila ukiishusha kamba, hicho chumba mtalala ninyi wawili, na mimi nitahamia chenu.

Mama yako